Siku tano za Marangu: zifutwe au zibaki?

Mwanzisha mada (mwongozaji, Marangu)

Wakuu, salaam. Hoja yangu ni moja, na atakayenipinga aje na hesabu. Njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro mpaka leo inaruhusiwa kupandwa kwa siku tano, mkilala kwenye vibanda vya njiani: geti hadi Mandara, Mandara hadi Horombo, Horombo hadi Kibo, usiku huohuo kileleni na kurudi Horombo, kesho yake getini. Nasema ratiba hii ifutwe. Ya chini kabisa iwe siku sita, kama ilivyo njia ya Machame.

Mandara iko mita 2,720. Horombo 3,720. Kibo ni 4,700 na kidogo. Kila jioni mgeni analala mita elfu moja juu ya alipolala jana, na pale Kibo hata kulala hakuna, maana saa tano usiku mnaamshwa kunywa chai na saa sita mko njiani. Kutoka hapo hadi kilele cha Uhuru, 5,895, ni karibu mita 1,200 za kupanda juu ya kokoto zinazoteleza, kisha mnateremka zaidi ya mita 2,100 hadi Horombo siku hiyohiyo. Mtu aliyekuwa Dar Jumapili anatakiwa Alhamisi alfajiri afanye kazi ngumu kwa nusu ya oksijeni aliyoizoea. Tunamuuzia safari au tunampima bahati?

Mpanga safari (ofisi ya utalii, Moshi)

Mkuu, umehesabu mita ukasahau vitanda. Mandara ina vitanda kama 60, Kibo kama 60, Horombo kama 120. Horombo ilifanywa mara mbili kwa sababu kila mgeni wa siku tano analala pale mara mbili, anapopanda na anaposhuka. Geti likiingiza watu 60 kwa siku, Horombo imejaa pomoni. Sasa mgeni wa siku sita analala Horombo mara tatu. Sitini mara tatu ni 180. Hao 60 waliozidi watalala jikoni? Ukitaka siku sita kwa wote, lazima geti lishushe idadi hadi watu 40 kwa siku, na hapo msimu wa Julai hadi Septemba tutagombania nafasi kama daladala za Mbagala.

La pili ni bei. Mgeni wa nje analipa ada ya hifadhi dola 70 kwa siku na kitanda dola 60 kwa usiku. Siku moja ya ziada ni 130, weka VAT ya asilimia 18, inakuwa dola 153 na senti. Hapo hujalipa wapagazi, mpishi wala chakula. Wapo wateja wanaochagua Marangu kwa sababu hiyo tu.

Daktari wa dharura

Niwaingilie nyote wawili. Mwongozo unaofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiku hadi usiku usipande zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kwa kipimo hicho siku tano zimefeli. Siku sita nazo zimefeli, kwa sababu kutoka Horombo kwenda Kibo bado ni ruko lilelile la mita elfu. Siku ya ziada inasaidia, hilo sina ubishi nalo, ila msiwaambie wageni kwamba sita ni salama na tano ni hatari. Ni hatari kubwa na hatari pungufu.

Halafu hiyo siku ya ziada yenyewe inatumikaje? Kundi linaamka Horombo saa mbili, linatembea hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks, mita 4,000 hivi, picha mbili tatu, saa tano wamerudi wanacheza karata. Mwili hauzoei karata. Faida inakuja mtu akipanda taratibu hadi karibu mita 4,400 upande wa kilele cha Mawenzi, akakaa huko nusu saa au saa nzima, ndipo akarudi kulala 3,720. Panda juu, lala chini. Wanaopita njia za Machame na Lemosho wanafanya hivyohivyo wakifika kwenye mwamba wa Lava Tower, 4,600, wakashuka kulala kambi ya Barranco, 3,960.

Mchangiaji

Naunga mkono hoja ya kuwanyang'anya karata.

Mgumu (mpagazi)

Mnaongea vitanda na dola, mzigo hamjautaja. Chukueni kundi la wageni wanne: waongozaji wawili, mpishi mmoja, wapagazi kumi. Midomo 17. Ukipiga kilo moja ya chakula kwa kichwa kwa siku, unga, mchele, mboga, matunda ya wageni, siku ya sita ni kilo 17. Ongeza gesi, kwa sababu kuni ndani ya hifadhi ni marufuku. Tayari huo ni mzigo wa mtu mzima, maana mwisho kwenye mizani ni kilo 20. Ofisi ikiongeza siku bila kuongeza mtu, zile kilo zinagawanywa kimyakimya baada ya mizani ya getini. Kwa hiyo mkipitisha siku sita, andikeni na idadi ya wapagazi papo hapo.

Kwa upande wetu siku ya ziada si mbaya, tunalipwa kwa siku. Ila kuna kitu wasomi mmekiruka: maji. Kibo hakuna maji. Yanabebwa mgongoni kutoka chini, kwenye chanzo cha mwisho juu ya Horombo, na ndiyo maana wageni wengi wakifika Kibo wanapewa vikombe viwili vya chai na supu, basi. Mtu anaanza kupanda saa sita usiku akiwa mkavu, kichwa kinagonga, anasema ni mwinuko. Pengine nusu yake ni kiu. Mgeni abebe lita tatu kutoka chanzo cha mwisho, hata kama analalamika. Usiku chupa ageuze kichwa chini ndani ya soksi ya sufu, barafu ianzie kwenye kitako cha chupa, mdomo ubaki wazi. Ile mifuko ya mpira yenye mrija inaganda mrija kabla hujafika pango la Hans Meyer.

Mratibu wa safari za 9 Desemba

Wakuu, mbona mnamjadili mgeni wa dola peke yake? Kila mwaka Watanzania wanapanda kuadhimisha Uhuru, wengi kwa Marangu. Ili uwe kileleni alfajiri ya tarehe 9, kwa siku tano unaingia getini tarehe 6. Kwa siku sita, tarehe 5. Siku moja hiyo ni ruhusa nyingine kazini, na ada yetu ni ya shilingi, ndogo, lakini mpishi na wapagazi hawana bei ya mzalendo. Mkifuta siku tano mtakuwa mmewafuta walimu na wanafunzi, matajiri watabaki kama walivyo.

Mwanzisha mada

Mratibu, nakuelewa, lakini mapafu ya Mtanzania hayajui kwamba mlima ni wa kwao. Mtu wa Dar au Tanga na mtu wa Ulaya wanaanzia palepale, usawa wa bahari.

Mpanga safari, hesabu yako ya vitanda ni safi, nakiri. Ila angalia: wanaopanda kwa njia ya Rongai wanashukia Marangu, na wanalala Horombo kwenye mahema. Kiwanja kipo. Basi wanaoshuka wote walale mahemani, vitanda wapewe wanaopanda. Kila mgeni wa siku sita atatumia kitanda mara mbili tu, na 120 zinatosha.

Mpanga safari

Zinatosha kwenye karatasi. Marangu inauzwa kwa sababu haina hema. Ukimwambia mgeni aliyetoka kileleni akiwa hoi, magoti yamevimba, kwamba usiku huu ndiyo wa kulala chini, atakuandika vibaya mtandaoni kabla hajafika Moshi. Na mgumu hapo juu atakuuliza hema, godoro na wa kuvibeba viko wapi.

Mgumu

Nimeshauliza.

Daktari wa dharura

Kuna njia ya katikati. Siku tano zibaki, ila kwa anayekuja mwili ukiwa umeshazoea. Mlima Meru uko jirani: kibanda cha Miriakamba mita 2,514, kibanda cha Saddle 3,570, kilele kidogo cha Little Meru 3,820, kilele chenyewe 4,566. Aliyemaliza Meru juzi akaingia Marangu kwa siku tano yuko mahali pazuri kuliko aliyekuja moja kwa moja akapewa sita. Uzoefu huo hupotea polepole ukishuka, kwa hiyo asikae wiki tatu Zanzibar katikati. Kuhakikisha si kazi: Meru nayo imo ndani ya hifadhi ya taifa, anayefika kileleni anapewa cheti chenye tarehe. Geti lione cheti, limruhusu. Asiye nacho, siku sita.

Na mkiendelea kupanga ratiba, msiache mambo mawili. Kwanza dawa. Asetazolamaidi ya kuzuia ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitatekenya, kukojoa kutaongezeka, soda itakosa ladha. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza. Dawa hii inasaidia mwili kuzoea, haina ruhusa ya kupanda mbio.

Pili, kipimo cha mstari. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni kinadanganya mkono ukiwa wa baridi, msikitegemee peke yake. Mwambie mgeni atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba kama mlevi, au akijibu swali la jana kwa shida, ubongo umeanza kuvimba. Akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ni mapafu. Hapo hakuna kusubiri kuche, hakuna panadol na kuendelea. Anashushwa usiku huohuo, mita 500 hadi 1,000 kwa kuanzia, na mtu wa kumshika, hata kama kikosi kizima kinalala.

Mwongozaji mwingine

Daktari, hapo ndipo siku tano zinapotuua sisi waongozaji. Ratiba ikiwa fupi mgeni hana siku ya kupoteza, anaficha. Anatapika nyuma ya choo, anarudi anatabasamu. Mwenye siku sita unaweza kumwambia Horombo, leo tunakaa, na hakuna anachokosa.

Mimi ningeongeza saa ya kugeuka. Kama saa moja na nusu asubuhi hamjafika Gilman, pale ukingo wa kreta, mnageuka. Baada ya hapo jua linayeyusha ule mgando ulioshika kokoto usiku, hatua moja mbele nusu hatua nyuma, na anayepanda anatumia nguvu za kushukia. Gilman yenyewe, mita 5,685, ina cheti chake. Wageni waambiwe hilo wakiwa Mandara. Wakiambiwa Kibo wanaona unawahurumia.

Mratibu wa safari za 9 Desemba

Cheti cha Meru sikipingi. Ila Meru ni siku tatu hadi nne, na askari wa wanyamapori lazima kwa sababu ya nyati. Mwalimu aliyekosa ruhusa ya siku ya sita ataitoa wapi ya siku nne?

Daktari wa dharura

Basi mwalimu aingie tarehe 5.

Mratibu wa safari za 9 Desemba

Na kitanda cha Horombo usiku wa tarehe 7, na watu wote wa Uhuru wamepanda pamoja, anampa nani?