Jela ya nje ya dunia kwenye gemu: tupeane uzoefu, yenu ilivunjwaje?

Mganga wa Dadu:
Wakuu habari za jioni. Jana napanga madaftari nikakutana na ramani ya ile jela niliyoichora kwa kampeni yetu, yaani hadithi ndefu tunayocheza kwa vipindi, mimi nikiwa msimulizi, kwenye lile gemu la mezani la kusimulia na kurusha dadu, Dungeons & Dragons, jela ya nje ya dunia kabisa, ya kumfungia yule mfalme wa majini aliyetusumbua mwaka mzima. Nilikaa wiki tatu naichora jamani. Kuta saba, jua hakuna, njaa hakuna, muda hausogei. Wachezaji walitupwa humo wakakaa dakika arobaini tu, kuhani wao alishafika levo ya 13, akatoa uchawi wa kuhama ulimwengu, wakashikana mikono duara, kwaheri ya kuonana. Sasa Jumamosi naanza kampeni mpya na jela naitaka tena. Nyie mliziba vipi mianya ya kutoroka?

ngurumo77:
Dakika arobaini unalalamika? Wangu waligoma kuingia.

Kungwi Levo 20:
Mkuu kosa lako liko kwenye panda. Ule uchawi wa kuhama ulimwengu, wa daraja la 7, haufanyi kazi mikono mitupu, unataka kipande cha chuma chenye ncha mbili, kama panda ya manati, chenye thamani ya sarafu 250 za dhahabu, na kinakuwa kimetegeshwa kwa ulimwengu unaokwenda, sio ulipo. Kwa hiyo mfungwa bila panda ya nyumbani harudi nyumbani. Askari magereza wanakuvua mkanda na kamba za viatu mlangoni, na wako wafanye hivyo hivyo. Mimi panda zote niliziweka kwa mlinzi mmoja mlevi, kikosi kizima kikatumia vipindi vitatu kumbembeleza mlevi.

Simba wa Levo Moja:
Kwani kuna haja ya kubuni? Carceri, ulimwengu ambao wenyewe ni jela, ipo kwenye vitabu vya gemu, matabaka sita, tufe ndani ya tufe kama masufuria ya seti ya harusi. Kuna kanuni ya hiari kwamba milango yote ni ya kuingia tu na kila uchawi wa kutoka unagoma isipokuwa ule wa kuomba lolote. Umemaliza.

ngurumo77:
Huo ni uvivu. Mwenzio kaomba uzoefu wewe unamsomea kitabu.

Simba wa Levo Moja:
Uvivu ni kuchora kuta saba halafu unasahau paa.

Mie wa Unguja:
Hahaa. Mie yangu niliitoa kisiwa cha Changuu, hapa kwetu. Mnajua lile jengo la jela lilijengwa pale miaka ya 1890 na halikuwahi kufungiwa mfungwa, likaishia kuwa mahali pa karantini, na leo watu wanavuka maji kwenda kutazama kobe. Basi nikafanya hivyo hivyo: wachezaji wanavunja lango la jela ya kutisha ya nje ya dunia, ndani vyumba vyeupe, safi, hamna mtu. Kobe tu. Nilitaka wajiulize mfungwa yuko wapi. Wao wakaamua mfungwa ndio kobe. Wamehoji kobe saa mbili nzima, mmoja akawa anamkatia mchicha.

Abuu Kete:
Mimi niliiga ukuta wa Dhulqarnain, ule wa kwenye Kurani, vipande vya chuma halafu shaba ya kuyeyushwa inamiminwa juu. Haupandiki, hautoboki. Wachezaji wakasimama pale kama mbuzi.

Ustadhi mtulivu:
Ndugu yangu mambo ya dini tusiyafanye mchezo.

Abuu Kete:
Sijafanya mchezo ustadhi, nimeiga ufundi wa ukuta tu. Na jini kwenye chupa sote tumesimuliwa na bibi zetu, hakuna aliyekemewa.

Ustadhi mtulivu:
Bibi yako hakurusha dadu.

binti_Tabata:
Nilikuwa napita tu lakini hii mada imenikumbusha kitu siwezi kunyamaza. Tulicheza miezi kumi na minne sebuleni kwa dada, watu watano, adui yetu alikuwa malkia wa ukungu. Msimulizi wetu alikuwa na mlango mmoja tu wa jela na sharti lake ni kwamba komeo linashikwa kwa ndani, yaani mtu mmoja wetu abaki naye humo milele. Mdogo wangu, ndiye mchawi wetu, akasema nabaki mimi. Watu kimya. Anahitaji 18 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Akaipulizia ile dadu, akarusha, UMEME UKAKATIKA. Tuliisikia jamani. Ikadunda mezani, ikadunda kwenye vigae, ikabingirika mbaliii, kimya. Hakuna anayesogea tusije tukaikanyaga. Nikawasha tochi ya simu, chaji asilimia tatu, tunamulika chini ya makochi, chini ya kabati, mdogo wangu akapiga kelele 20! iko kwenye mguu wa friji! Msimulizi naye akainama akasema hiyo mbili. Simu ikazima. Tulipopata tochi nyingine mtoto wa dada, miaka minne, ameshika kitu mkononi, anasema nimeokota pipi. Wakagombana wale wawili usiku ule mpaka dada akatufukuza. Mwezi uliofuata mdogo wangu akapata kazi Muscat akaondoka. Mpaka leo hatujui kama malkia kafungwa.

ngurumo77:
Wee! Kwa hiyo ni 20 au 2??

Kungwi Levo 20:
Inaweza kuwa zote. Chukueni dadu ya kawaida ya pande 20 mtazame, 20 inapakana na 2, 8 na 14. Ikiegemea mguu wa friji inakaa upande upande, kila mtu anasoma ya kwake.

Simba wa Levo Moja:
Hata kwenye ludo ikidondoka chini inarudiwa. Kesi imeisha.

Abuu Kete:
Haijaisha, aliyeona kwanza ni nani? Na mtoto aulizwe.

binti_Tabata:
Mtoto sasa ana miaka saba anasema ilikuwa pipi.

Mganga wa Dadu:
Wakuu, jela yangu jamani 😂

Mie wa Unguja:
Jela yako imejibiwa hapo juu, huoni? Ziba kila kitu, bakisha sharti moja linalouma. Hata ule uchawi wao wa kifungo, daraja la 9, mfungaji anaweza kuuwekea sharti la kumfungua mfungwa, na mwendesha gemu lazima akubali kwamba linaweza kutokea kweli.

ngurumo77:
Mimi bado nasema usibakishe kitu. Wakae humo wajifunze adabu.

Mganga wa Dadu:
binti_Tabata dada yangu, naomba huo mlango wenu niutumie Jumamosi, kikosi changu kiukute umesimama hivyo hivyo, haujafunga haujafunguka, na mtu kashika komeo. Na mdogo wako kama anaweza kuunganishwa kwa video saa 2 usiku, dadu arushe yeye.

binti_Tabata:
Nimempigia sasa hivi. Anasema Muscat itakuwa saa 3, atakuwa katoka kazini. Dadu ni ile ile, alisafiri nayo. Ila safari hii anarushia ndani ya sinia.