Mrejesho: mdogo wangu na kikombe alichotengewa

Wapendwa, niliwaandikia kuhusu mdogo wangu, hapa Arua: ana kifafa, na wapangaji wenzetu walimtengea kikombe wakidai povu lake linaambukiza. Mlinishauri nimlete muuguzi aongee nao. Alikuja Jumamosi. Akawaeleza kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, hakipiti kwa mate. Mtu akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Kisha akaomba chai, akainywa kwa kikombe kile kile cha bati, kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mshikio. Kimya! Mama mwenye nyumba akaukata ule uzi kwa wembe. Jirani mmoja bado huwaita wanawe ndani mdogo wangu akipita, inaniuma sana. Dawa anameza kila jioni, haruki siku. Ahsanteni mno.