Lisi ya fleti imebaki miaka 80 na miezi minne: tusaini barua ya mwenye jengo?

Kutoka: Barking, Jumapili 9 Februari 2025

Ndugu zangu, salaam. Wazee, shikamooni.

Mimi na mume wangu tulinunua fleti hapa Barking Oktoba 2023. Lisi yake, yaani haki ya kuimiliki kwa miaka maalumu huku jengo na ardhi vikiwa vya mtu mwingine, ni ya miaka 99 kuanzia Juni 2006. Wakili alitutajia wakati ule, nikaona miaka themanini na kitu si hoja, nitakuwa nimeshazikwa zamani. Isitoshe nyumbani hati ya kiwanja ni miaka 99 na watu wanapandisha ghorofa na kulala usingizi.

Wiki iliyopita ikaja barua ya mwenye jengo. Eti tukimlipa pauni 9,000, pamoja na ada ya wakili wake, ataturudishia miaka iwe 99 tena. Kodi ya ardhi ibaki ilivyo, pauni 200 kwa mwaka. Tujibu ndani ya siku 28. Mume wangu anasema tulipe tuondokane na kero. Mnasemaje?

Kutoka: Reading, siku hiyo hiyo, usiku

Dada, weka kalamu chini kwanza.

Miaka 99 kuanzia Juni 2006 inaishia Juni 2105. Leo umebakiwa na miaka 80 na miezi minne, na hiyo miezi minne ndiyo mali yako. Ukishuka chini ya 80, linaingia dude linaloitwa thamani ya ndoa. Usicheke, ndivyo wanavyoliita. Lisi yako ina bei yake na haki ya mwenye jengo ina bei yake. Vikioana, bei inazidi jumla ya vyote viwili. Lile ongezeko mnagawana nusu kwa nusu. Tuseme ni pauni 20,000: elfu 10 unampa yeye, juu ya kile kilemba cha kawaida cha kuongezewa miaka. Ukiwahi kabla ya 80, mahari hayo hayapo. Nikiwa na roho mbaya ningesema anataka muandikiane barua mpaka Juni ipite, maana mazungumzo ya hiari hayasimamishi saa.

Halafu tazama anachokuuzia: miaka 18 na ushee, na kodi unaendelea kulipa. Sheria ya lisi ya 1993 inakupa haki ya kuongezewa miaka 90 juu ya uliyobakiwa nayo, apende asipende. Yaani 170. Na kodi ya ardhi inageuka punje moja ya pilipili manga. Ndivyo mkataba unavyoandikwa, na hakuna anayekuja kuidai hiyo punje. Sisi watu wa visiwani tunaijua bei ya pilipili manga, lakini hapa maana yake ni sifuri.

Njia yenyewe ni notisi ya kifungu cha 42 cha sheria hiyo, yaani barua rasmi ya kudai haki hiyo. Unampata mthamini anayeijua kazi hii (si dalali wa mtaani), anakupa makadirio, wakili anaandika notisi yenye bei unayotaja wewe. Bei inahesabiwa kwa tarehe ya notisi, kwa hiyo ikishafika kwa mwenye jengo hata Juni ikipita huna hasara. Yeye lazima apewe angalau miezi miwili ya kujibu. Anaweza kukudai amana, asilimia 10 ya bei uliyotaja au pauni 250, ipi kubwa. Gharama zake za wakili na mthamini, zile za haki, unazibeba wewe. Inauma, lakini zitie kwenye hesabu mapema.

Una bahati pia. Zamani ilibidi uwe umemiliki miaka miwili, na wewe ingefika Oktoba, wakati Juni imeshapita. Sharti hilo limefutwa tangu 31 Januari. Siku tisa tu!

Na hati ya nyumbani usiilinganishe na hii. Tanzania ardhi ni ya umma, kodi unailipa serikalini. Hapa mwenye ardhi ana jina na ana akaunti ya benki.

Kutoka: Leicester, Jumatatu

Kaka wa Reading kasema yote ila lililonichoma mimi. Mwenye jengo akijibu kwa bei yake na msikubaliane, una miezi sita tangu jibu lake kupeleka shauri kwenye baraza la kisheria. Wakili wangu aliisahau tarehe. Notisi ikahesabiwa imeondolewa, nikatakiwa kusubiri miezi 12 kabla ya kutoa nyingine, na gharama za upande wa pili nikazilipa vilevile. Nilianza na miaka 80 na miezi mitano. Niliporudi ilikuwa 78. Hayo mahari nimeyalipa mimi.

Tarehe iandikeni wenyewe ukutani, jikoni. Na mwambieni wakili aisajili notisi kwenye daftari la ardhi, jengo likiuzwa mnunuzi asije akasema haimhusu.

Kutoka: Slough, Jumatatu

Mbona hamuitaji sheria mpya ya Mei 2024? Inasema miaka 990 na kuifuta thamani ya ndoa. Si bora asubiri?

Kutoka: Reading, Jumatatu

Imepitishwa 24 Mei, ndiyo, lakini vifungu hivyo havijaanza kutumika. Aliyebakiwa na miaka 70 kwenye lisi, hauzi wala habadilishi mkopo wa nyumba, namwelewa akikaa akisubiri. Dada yetu akiwahi kabla ya Juni hana thamani ya ndoa ya kufutiwa. Sasa asubiri nini, tofauti ya 170 na 990? Wajukuu wa wajukuu wake watajijua.

Kabla ya kulipa mtu yeyote, pigieni LEASE, shirika la ushauri wa mambo ya lisi, ushauri ni bure na unagharamiwa na serikali.

Kutoka: Glasgow, Jumatatu

Hameni mje Scotland. Huku tangu 1974 lisi ya makazi ya zaidi ya miaka 20 hairuhusiwi. Fleti yangu ni yangu, na baridi pia ni yangu.

Kutoka: Barking, Jumatano

Ahsanteni sana. LEASE nimezungumza nao, mthamini anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Mume wangu kaikunja barua kaitia droo la vijiko. Kaka wa Glasgow, baridi yako baki nayo.