Naomba ushauri: faksi kwenda barua pepe inakatika ukurasa wa tatu

Habari za kazi, wakubwa. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Kampala bado hupokea faksi za wateja wa nje, na tunataka ziingie kwenye barua pepe zikiwa PDF. Nimeweka Asterisk (programu ya kuendesha simu), ReceiveFAX na spandsp (sehemu zake za kupokea faksi), kwenye seva ndogo. Namba inakuja kwa SIP, yaani simu kupitia intaneti, kodeki (namna ya kusimba sauti) ni G.711 A-law. Faili la TIFF (picha ya faksi) linageuzwa kuwa PDF kwa tiff2pdf, Postfix, programu ya barua pepe, inalituma. Huko hakuna shida.

Shida ni simu yenyewe. Ukurasa mmoja au miwili hupita safi. Hati ya kurasa tano hukatika katikati ya ule wa tatu. Pakiti chache zikipotea, sauti ya mtu ingesikika tu, lakini faksi haivumilii. Nikiomba T.38 (njia maalum ya kupitisha faksi kwenye intaneti), upande wa mtoa huduma hujibu 488, yaani hukataa.

Nimeshusha kasi kutoka biti 14400 hadi 9600 kwa sekunde, nikaipa SIP kipaumbele kwenye ruta. Afadhali kidogo. Nilipozima ECM (usahihishaji wa makosa ya faksi) kurasa zote tano zilifika, ila na mistari iliyoruka, na kwenye ankara 8 ikisomeka 3 ni balaa.

Maswali mawili tu. Kuna mtoa huduma hapa Uganda ambaye T.38 yake inafanya kazi kweli, si ya kwenye karatasi? Au niachane na SIP kwa faksi, nichukue laini ya mezani na modemu ya USB, niendeshe HylaFAX (programu ya seva ya faksi)? Aliyejaribu modemu iliyotulia anitajie modeli.