SSD kwenye deskitopu ya zamani: GB 240, GB 480, au ninunue mashine nyingine kabisa?

Kaunta_Tabata (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Hapa dukani nina deskitopu ya Dell, imekuwa nzito mpaka aibu. Naiwasha, nafagia, napanga karatasi, nakunywa chai, ndiyo kwanza inakubali kufunguka. Nimeambiwa dawa yake ni SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Jana nimezunguka Kariakoo nikapewa bei hizi: GB 240 elfu 70, GB 480 laki na ishirini, TB 1 elfu 85 (ya Kichina, jina sijalishika). Jamaa wa duka la mwisho akaniambia nisipoteze hela kwa marehemu, niongeze nifike laki tatu anipe deskitopu nyingine ya mtumba. Nichukue ipi? Nataka nimalize wiki hii, dirisha la mikopo ya wanafunzi likifunguliwa hapa hapakaliki.

Ngoma_Temeke
480. Mada ifungwe.

Bisibisi77
Isifungwe kitu. Mleta mada, Dell ipi? RAM (memori ya kazi) ngapi? Prosesa gani? Windows ipi? Diski iliyomo imejaa kiasi gani? Watu mnakuja hapa kama mnaenda kwa mganga, mnakaa kimya mkitaka tupige ramli.

Kaunta_Tabata
Samahani mkuu. Ni Dell OptiPlex, ile ndefu ya kusimama. Kazi ni steshenari: kuprinti, kuskani, picha za pasipoti, kujazia watu fomu za HESLB, NIDA na Ajira.

Bisibisi77
OptiPlex ni ukoo, siyo mtu. Namba iko mbele au ubavuni. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, soma unachokiona.

Mzalendo_wa_Spidi
Wakati mnasubiri namba, mimi nasema achana na hizi SSD za SATA, zinazotumia waya ule ule wa diski za kawaida, zimepitwa. Nunua NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, na adapta yake ya kuchomeka kwenye PCIe, tundu la kadi kwenye bodi. SATA mwisho wake ni MB 550 kwa sekunde hivi, NVMe ya kawaida tu inapita 2,000.

Kaunta_Tabata
Nimeona. OptiPlex 780. Core 2 Duo E8400. RAM GB 2. Windows 10. Diski ni GB 250, imetumika GB 140 hivi, nyingi ni mafaili ya wateja.

Dada_Waya
Haya, sasa tunaongea. Kaka Kaunta, hiyo 780 naijua, nimezifungua nyingi. Ni mashine za miaka ya 2009 na 2010. Bandari zake za SATA ni za kizazi cha pili, yaani Gb 3 kwa sekunde (gigabiti, siyo gigabaiti), kwa hiyo SSD yoyote utakayoifunga itaishia kwenye MB 280 hivi. Usiumie na hilo. Kinachokuchosha wewe si kunakili filamu. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinapaswa kusafiri hadi kwenye kipande cha faili, kisha kisubiri sahani ifike. Kila safari inakula milisekunde kumi na kitu. Windows ikiwaka inaomba vipande vidogo vidogo maelfu, huku na huku. SSD haina cha kusafiri, inajibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde. Hapo ndipo utaona tofauti, hata kwenye SATA ya zamani.

Na mdogo wangu Mzalendo, usimpoteze mwenzio. BIOS ya 780, yaani programu ndogo inayoiwasha mashine, haijui kuwasha mashine kutoka kwenye NVMe. Atachomeka, Windows itaiona kama diski ya pili, lakini mashine haiwaki kutoka humo. Ziko mbinu za kuizunguka kwa flashi, ila huyu ana foleni ya wateja, hana muda wa michezo.

Kuhusu RAM: GB 2 na Windows 10 ni mateso. Ikijaa, Windows inageuza diski kuwa RAM, na diski yenyewe ndiyo hiyo. Nunua RAM pia. Lakini angalizo, maana hapa wengi wanapigwa: hiyo bodi inataka RAM aina ya DDR3, na kipande cha GB 4 lazima kiwe na chipu 16, nane kila upande. Vile vyenye chipu nane tu vinaweza kukataa kabisa. Usipokuwa na uhakika chukua vya GB 2, ile ndefu ina nafasi nne.

Mzalendo_wa_Spidi
Dada hukunielewa. Nilikuwa nasema kwa ujumla.

Dada_Waya
Nimekuelewa, ila swali lake si la jumla.

Ngoma_Temeke
RAM kwanza au SSD kwanza? Maana mimi niliongeza RAM tu kwenye HP yangu na ikatosha.

Bisibisi77
Kwa mtu mwenye GB 2, vyote. Kwa mwenye GB 4 au 8, SSD kwanza bila kufikiri. HP yako ilikuwa na ngapi kabla? Nawe unaanza tabia za mleta mada.

Picha_na_Ndoa
Mnaipita kimya hiyo TB 1 ya elfu 85. Ngojeni niwape kisa.

Mimi napiga video za harusi. Nilinunua TB 1 ya namna hiyo hiyo, duka lenye kioo na AC, si mtu wa begi. Muuzaji akaichomeka kwenye kompyuta yake mbele yangu, ikasoma TB 1 kamili, risiti nikapewa, waranti ya maneno nikapewa. Nikaingiza kicheni pati, nikaingiza sendofu, nikaingiza na harusi yenyewe, kamera mbili, familia ya Mbezi isiyopenda mchezo. Kila kitu kinaingia, majina ya faili yanaonekana, ukubwa unaonekana. Nikafuta kadi za kamera ili niwahi kazi nyingine Bagamoyo.

Siku ya kuhariri, kicheni pati inacheza vizuri. Sendofu inacheza nusu, halafu picha inavunjikavunjika. Harusi haifunguki hata faili moja. Nikahisi programu ya kuhariri imeharibika, nikaipakua upya. Nikapeleka kwa fundi Kinondoni, jamaa hakuichomeka hata. Akaipima mkononi, akachukua bisibisi, akafungua kava. Ndani kuna bodi ndogo ya kidole kimoja, na juu yake imechomekwa kadi ya memori ya simu. Ya simu! Pembeni wamegundisha kipande cha chuma ili iwe na uzito. Kontrola, yaani chipu inayoiendesha diski, imefundishwa kusema uongo: inajitangaza TB 1, na kadi ikijaa inaendelea kupokea mafaili huku haihifadhi chochote.

Nilirudi dukani na ile bodi mkononi. Lilikuwa linauza mabegi ya shule. Hela ya watu nilirudisha yote, na bibi harusi hadi leo tukikutana kanisani anageuza uso.

Ngoma_Temeke
Duh. Pole sana kaka.

Kaunta_Tabata
Nimeogopa. Sasa nitaijuaje nikiwa dukani? Siwezi kufungua kava la bidhaa ambayo sijailipia.

Bisibisi77
Dukani angalia bei kwanza. TB 1 haiwezi kuwa rahisi kuliko GB 480 kwenye mtaa huo huo, hesabu haikubali. Ukishanunua, kabla ya kuweka chochote, endesha programu ya H2testw. Inaandika data hadi diski ijae, kisha inaisoma yote na kulinganisha. Ikifeli, irudishe siku hiyo hiyo. Kusoma ukubwa kwenye Windows hakuthibitishi kitu, wala usiishie kwenye CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) peke yake, maana kontrola inayodanganya ukubwa inaweza kudanganya na afya.

Ngoma_Temeke
Na jina? Mimi nasema Samsung 870 EVO tu, mengine ni makaratasi.

Bisibisi77
870 EVO ni nzuri, ina DRAM yake (memori ndogo ya kuharakisha kazi) na waranti ya miaka mitano. Ile ya GB 250 imeahidiwa kuvumilia kuandikwa jumla ya TB 150. Kingston A400 ya GB 240 haina DRAM, ahadi yake ni TB 80. Lakini steshenari inaandika nini? Hata akiandika GB 20 kila siku, TB 80 ni zaidi ya miaka kumi. Na kwenye bandari ya Gb 3 zote zitakimbia karibu sawa. Hela ya kuongezea Samsung aipeleke kwenye RAM.

Ngoma_Temeke
Mimi bado nasema Samsung.

Penguini_wa_Ubungo
Hakuna aliyegusa jambo kubwa. Windows 10 imeacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwenye Core 2 Duo sahau: rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na hata ukipita mlango wa nyuma, toleo lake la 24H2 haliwaki kabisa kwenye prosesa hiyo kwa sababu haina POPCNT, agizo ambalo toleo hilo linalidai kwa prosesa. Duka linachomekwa flashi za kila mtu Tabata nzima! Weka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), LibreOffice (badala ya Word), kazi iendelee.

Kaunta_Tabata
Linux nimewahi kuona tu. Printa yangu ni ya leza ndogo, itakubali?

Penguini_wa_Ubungo
Printa aina gani?

Dada_Waya
Hapo ndipo mtakesha. Baadhi ya hizi leza ndogo draiva zake za Linux ni kizungumkuti. Na mteja akileta CV ya Word imejaa visanduku na picha, ikafunguka imetawanyika kwenye LibreOffice, atasema duka lako halijui kazi. Mimi naipenda Linux, nyumbani natumia, ila kaunta ni kitu kingine.

Penguini_wa_Ubungo
Mwambie mteja alete PDF.

Dada_Waya
Umewahi kukaa kaunta ya steshenari wewe?

Jicho_la_Kariakoo
Mimi namuunga mkono yule jamaa wa laki tatu. OptiPlex 9020 au HP ya umri huo, i5 kizazi cha nne, RAM 8. Ina SATA ya Gb 6. Elfu 70 za SSD na hela ya RAM kwenye Core 2 Duo ni kumvika kizee gauni.

Bisibisi77
Lakini SSD haifi na mashine. Leo iko kwenye 780, kesho akipata hela anaing'oa na kuihamishia kwenye hiyo 9020. Na hizo za laki tatu nyingi zinakuja na diski ile ile ya kuzunguka, kwa hiyo SSD atanunua tu.

Jicho_la_Kariakoo
Siyo zote. Zingine zinakuja na SSD.

Bisibisi77
SSD iliyotumika saa ngapi? Ulishawahi kuangalia?

Kaunta_Tabata
Wakuu, kitu kimoja sikusema. Diski ya sasa siku hizi inatoa mlio, tk, tk, tk, hasa nikifungua folda la picha za pasipoti. Halafu inaganda kidogo, inaendelea. Nilidhani ni feni. Hiyo inahusiana?

Bisibisi77
MKUU!

Dada_Waya
Kaka, acha kusoma huu uzi. Chukua diski ya nje au flashi kubwa, hamisha mafaili ya wateja sasa hivi, ukianza na yale ambayo huwezi kuyapata tena. Mlio huo ni kichwa kinahangaika kusoma. Ukimaliza ndiyo ufungue CrystalDiskInfo, ukiona rangi ya njano au nyekundu ujue siku zinahesabika. Na usiihangaishe kwa kuikloni, yaani kuinakili nzima ilivyo, kwenda kwenye SSD, unaitwisha mzigo wa kusoma kila kona, hata zilizokufa. Toa data, piga Windows upya kwenye SSD.

Mzalendo_wa_Spidi
Clonezilla, programu ya kukloni, si inaweza kuruka sehemu mbovu?

Dada_Waya
Inaweza. Ila Windows ya miaka hiyo yenye virusi vya flashi za watu unataka kuihamisha ya nini?

Kaunta_Tabata
Nimeanza kuhamisha. Inaenda polepole lakini inaenda. Kwa hiyo 240 itatosha?

Bisibisi77
Umetumia 140, na humo kuna Windows. GB 240 inatosha ukifuta PDF za watu wa mwaka juzi. Usiijaze mpaka shingoni, acha hata GB 40 wazi. Kabla ya kupiga Windows, washa huku ukibonyeza F2, nenda sehemu ya SATA, hakikisha iko AHCI (namna ya kisasa ya mashine kuongea na diski). Ukibadilisha baadaye mfumo ukiwa umeshawekwa, unaweza kukutana na skrini ya bluu.

Ngoma_Temeke
Na kibano cha kuishikilia? SSD ni ndogo, nafasi ni ya diski kubwa.

Bisibisi77
Kibano ni cha elfu chache. Ukikosa, gundisha kwa tepu ya pande mbili, haina kitu kinachozunguka ndani, haidhuriki. Ila waya wa umeme asitumie zile adapta za bei chee za kutoka molex (plagi ya umeme ya zamani) zilizoyeyushiwa plastiki kwenye nyaya, zina historia ya kuungua. 780 ina waya wa SATA wa kwake, autumie huo.

Jicho_la_Kariakoo
Umeme ukikatika katikati ya kuandika, SSD inaweza kufa, mnajua hilo? Diski za kuzunguka zinavumilia.

Penguini_wa_Ubungo
Diski za kuzunguka zinavumilia? Kichwa kinachoelea juu ya sahani?

Jicho_la_Kariakoo
Nimesema zinavumilia, nimekaa nazo miaka.

Dada_Waya
Zote hazipendi. Anunue UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), hata ndogo ya VA 650, printa ya leza asiichomeke humo maana inavuta umeme mwingi inapopasha moto.

Picha_na_Ndoa
UPS yangu betri inashika dakika mbili tu, halafu inalia. Betri peke yake inauzwa wapi hapa mjini bila kununua UPS nzima?

Ngoma_Temeke
Volti ngapi? Ah ngapi?

Picha_na_Ndoa
Sijui, iko ndani.

Bisibisi77
Na huyu naye.