Naomba ushauri: nimfundisheje Malkia Taytu Betul?

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia sekondari, na kitabu tunachotumia kinaeleza vita vya Adowa vya 1896, Ethiopia ilipoishinda Italia, kwa jina la Mfalme Menelik II peke yake. Mkewe, Malkia Taytu Betul, aliupinga Mkataba wa Wuchale, ambao Italia iliutumia kudai kuitawala Ethiopia, akaenda vitani na askari wake mwenyewe, na kule Mekelle ndiye aliyeshauri Waitaliano wakatiwe maji, hadi wakaiacha ngome. Mtu wa namna hiyo hastahili kurukwa! Ninapokwama ni mwisho wake. Mumewe alipopooza alishika madaraka, kisha mwaka 1910 wakuu wa Ethiopia wakamwondoa. Wanafunzi wataniuliza: alikuwa na uchu wa madaraka, au alionewa kwa kuwa mwanamke? Mngewajibu vipi? Naombeni pia vitabu vya Kiswahili vinavyomweleza.