Kwa nini dawa ya unene iwe na mwisho wa miaka miwili?

MTOA HOJA: Wadau, Machi 2023 NICE, chombo kinachoamua dawa zipi huduma ya afya ya Uingereza izilipie, kiliikubali Wegovy, sindano ya kupunguza uzito, kwa wenye unene uliokithiri, ila kwa miaka miwili tu. Mimi ukomo huo naupinga.

Tukila, utumbo hutoa homoni ya GLP-1. Huihimiza kongosho itoe insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huufikishia ubongo habari kwamba tumeshiba. Lakini haidumu: ndani ya dakika mbili hivi nusu yake imeshavunjwavunjwa. Watafiti wamehangaika miaka mingi kuunda peptidi, yaani protini fupi, inayofanya kazi hiyohiyo bila kuvunjika upesi. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani, eksenataidi, mwaka 2005, ilitokana na sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila, na ilichomwa mara mbili kwa siku. Semaglutaidi, ndiyo iliyomo kwenye Wegovy, huchomwa mara moja kwa wiki.

Sasa, inasaidia maadamu unaichoma. Katika jaribio la STEP 1 waliochomwa walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Waliopewa sindano isiyo na dawa, asilimia 2.4. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kilo walizopunguza. Mgonjwa wa presha hatumwambii miaka yako miwili imekwisha, jikaze. Huyu kwa nini tumwambie?

MCHANGIAJI: Kwa sababu vidonge vya presha ni bei nafuu, ndugu yangu. Wegovy ilipoingia sokoni Marekani 2021 bei yake ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Tena kuna kichefuchefu, kutapika, na misuli inayopungua pamoja na mafuta. Mtu aishi hivyo hadi kufa? Tupambane na soda na vyakula vya viwandani. Utumbo wa bibi zetu ulikuwa na homoni hizihizi.

MTOA HOJA: Hilo la bibi zetu nakubali kabisa, na serikali zinastahili lawama. Ila kinga haimtibu aliyekwisha kunenepa. Akipungua, mwili wake huongeza njaa na kupunguza nishati unayotumia. Unaupigania uzito ule wa zamani. Huo si uvivu wa mtu, na inaniuma tunavyomsimanga.

Kuhusu fedha: jaribio la SELECT la semaglutaidi hiihii, 2023, lilihusisha watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na mishipa, wasio na kisukari. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa pamoja vilipungua asilimia 20. Kumuuguza mtu wa kiharusi nako ni gharama.

Na NICE hiyohiyo, Desemba 2024, ilipokubali tirzepataidi, dawa nyingine ya unene inayoiga homoni mbili za utumbo, haikuweka ukomo. Ilipanga foleni: wenye hali mbaya zaidi kwanza, wengine wafuate kidogokidogo kwa muda wa hadi miaka 12. Foleni naielewa. Kumkatiza mtu katikati siielewi.

Basi nijibu hili: fedha zisipotosha, utawatibu wachache bila kuwakatiza, au wengi kwa miaka miwili miwili?